Samaki Hewa

Kazi yangu ni kuhesabu samaki. Ukicheka nitakuacha umalize, nimezoea. Chini ya ukuta wa bwawa kuna chumba cha zege, hatua nne kwa hatua tatu, na upande mmoja badala ya ukuta kuna kioo kinene. Nyuma ya kioo hupita mfereji wenye vidato ambao wajenzi waliuweka ili samaki waweze kuupanda ukuta na kuendelea na safari yao. Sisi tunauita ngazi. Mimi hukaa kitini na kihesabio cha chuma mkononi, na kila samaki anayepita kwenda juu nabonyeza mara moja. Jioni naandika jumla kwenye daftari la ofisi, nafunga mlango, narudi nyumbani kwenye viti viwili na mtu mmoja.

Samaki wenyewe tunawaita wapandaji. Hukulia ziwani, mto unakoishia, na mvua zikianza huupanda mto kwenda kutaga kwenye maji ya changarawe walikozaliwa. Mtoto wa mpandaji huchukua miaka minne kabla ya kurudi kutaga mwenyewe. Ukimvua mama yake leo, pengo hulioni kesho. Unaliona baada ya miaka minne, na wakati huo umeshasahau ulikula nini. Kwa sababu hiyo ofisi iliweka sharti: wakipita elfu thelathini kwa msimu, wavuvi wa chini ya bwawa wataruhusiwa kuvua mwaka unaofuata. Wasipofika, mto unafungwa msimu mzima. Na wa kusema wamefika au hawakufika ni mimi, mjane wa miaka hamsini na tisa mwenye magoti mabovu.

Kaka yangu alikuwa mmoja wa wavuvi hao. Tulizaliwa wawili tu, akanitangulia kwa miaka saba. Mume wangu alipofariki bila kuniachia mtoto, ni kaka aliyekuja na mkokoteni akapakia vitanda na masufuria yangu, akanipa chumba nyumbani kwake mpaka nilipopata pa kwangu. Watoto wake walinigombania, shangazi hiki, shangazi kile, na mama yao, wifi yangu, alikuwa akinitania kwamba nimeolewa na samaki na mahari yangu imelipwa kwa maji. Kila Jumapili nilikula kwao. Sikuwa najua kwamba nina utajiri.

Miaka sita iliyopita kulikuwa na mkutano kwenye ukumbi wa mji. Wavuvi walikuwapo, ofisi ilikuwapo, nami nilikaa meza ya mbele na daftari langu kama bibi arusi na shada lake. Kaka akasimama. Akasema nyavu zinakuja nyepesi mwaka wa tatu sasa, na hata wanaoingia ni wadogo, wale mama wakubwa hawaonekani. Akaomba mto ufungwe msimu mmoja tu upumue. Alikuwa hajamaliza kusema. Mimi nilichomwa. Hesabu zangu zilikuwa zimepanda miaka mitano mfululizo, tangu ulipowekwa mlango mpya wa bwawa, na wakubwa walikuwa wakinisifu, na huyu, wa tumbo moja nami, anasimama mbele ya watu mia mbili kusema daftari langu ni la uongo. Hakusema hivyo. Ndivyo nilivyosikia.

Nikainuka nikamkatiza. "Samaki wapo, nimewahesabu mmoja mmoja," nikasema. "Labda wanapita wewe ukiwa bado umelala."

Ukumbi ulicheka mpaka watu wakapiga mapaja. Na mimi nilicheka, Mungu anisamehe, nilifurahi kuwachekesha. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Kuanzia jioni ile kaka yangu, mtu aliyekuwa akiwaamsha majogoo, akaitwa Bwana Usingizi. Watoto walilirusha jina hilo alipopita sokoni. Vijana wa kuvuta wavu wakaanza kumkwepa, kwani nani anataka kufanya kazi na mvivu? Hakuja kugombana nami. Laiti angekuja. Jumapili iliyofuata nilikwenda kama kawaida, nikakuta chakula kimepakuliwa na yeye hayupo, na Jumapili ya baadaye pia hayupo, ya tatu sikwenda. Baada ya miaka miwili akauza mashua, akahamia na wifi kwenye mji mwingine, saa nne kwa basi, akapata kazi ya kulinda lango la kiwanda cha mbao. Tangu mkutano ule hakunitamkia neno. Wifi hunipigia simu mara mojamoja kwa sauti ya kunong'ona kama anaiba, ananiambia, "Kaka yako mzima, anakula," na kukata.

Kwa hiyo nilibaki na kioo. Nasema wazi kwa kuwa umri wa kuona haya umeshanipita: nilikuwa mpweke kiasi cha kuamkia samaki. Asubuhi nikiingia nawaambia habari za safari, mchana nawagombeza wanaosukumana. Mfungua milango wa bwawa, mwanamume mkimya anayeshinda juu huko kwenye usukani wake, alinisikia siku moja akauliza nina mgeni. Nikamjibu ninao elfu nne.

Msimu huu, mvua za kwanza, alipita mmoja mwenye ndoana mdomoni. Alimponyoka mvuvi fulani huko chini, akaja na ndoana yake na kipande cha mshipi wa buluu kinachopepea shavuni. Nilimpenda papo hapo. Nikamwambia, pole mwenzangu, hata mimi kuna kitu kimenikwama. Nikabonyeza, akaenda zake juu.

Baada ya siku tano akapita tena. Ndoana ileile, mshipi uleule. Nilifurahi, unaweza kuamini? Nilifurahi kama mtu aliyebishiwa hodi. Nikampungia mkono, nikabonyeza. Wiki iliyofuata akaja mara ya tatu, amechoka, ubavu umechubuka, anapanda kidato kimoja na kupumzika. Nikakisogelea kabisa kioo nikamwambia, "Umerudi tena, mwenzangu?" na kidole changu kikabonyeza chenyewe.

Ndipo nikajisikia nilichosema. Amerudi kutoka wapi? Kwenye ngazi yangu samaki hupanda tu, sijaona hata mmoja akishuka. Huyu amepanda mara tatu. Lazima alishuka mara mbili kwa njia ambayo siioni. Na kwenye daftari langu yeye ni samaki watatu.

Sharti la kazi yetu ni kwamba mhesabu haachi kioo samaki wakiwa wanapita. Ni sharti zuri, na nililishika mpaka likanipofusha, maana miaka yote ile sikuwahi kupanda juu wakati wa msimu kuangalia wakitoka kwenye ngazi wanaelekea wapi. Siku ile nilipanda. Magoti yalilalamika vidato tisini na sita. Mfungua milango alinishangaa, akanisogezea mahali pa kusimama pembeni ya usukani. Mdomo wa ngazi uko pale, na hatua kumi pembeni yake ndipo walipojenga ule mlango mpya wa kumwagia maji, miaka kumi na mmoja iliyopita. Tukatazama. Mpandaji anatoka hoi, anatafuta maji ya kwenda nayo, yale ya mlango yanamvuta, huyo, anaporomoka nayo mpaka chini ya ukuta alikoanzia. Ni kama mtu aliyepanda ghorofa tano kwa miguu, akafungua mlango wa kwanza aliouona, kumbe ni wa lifti ya kushuka.

Nikamwuliza mfungua milango kama amewahi kuona jambo hilo. Akasema analiona kila siku. Nikamwuliza mbona hajasema. Akafikiri kidogo, akasema hakuna aliyemwuliza, na yeye kazi yake ni maji.

Sikutaka kuamini samaki mmoja. Nilimwomba mfungua milango anisaidie, na kwa siku tatu, jioni nikishafunga daftari, tulisimama kwenye mdomo wa ngazi na wavu wa mkono, tukawanasa wapandaji mia mbili waliokwisha kupita kiooni, tukamfunga kila mmoja uzi mwekundu kwenye pezi la mgongo, tukawaachia palepale walipokuwa wakitokea. Kisha nikarudi kitini nikangoja. Niliomba Mungu nisiuone ule uzi. Siku ya kwanza ulipita mara tisa. Kufikia mwisho wa wiki ya tatu ulikuwa umepita mara mia na nane.

Hesabu yake haihitaji shule kubwa. Samaki mia mbili, ambao kwenye daftari langu wangekuwa mia tatu na wanane. Zaidi ya theluthi ya kila nilichokuwa nikiandika ni samaki hewa, kama wale wafanyakazi hewa wanaolipwa mshahara na hawapo. Mwaka jana niliandika elfu arobaini na moja, mkuu wetu akanipa mkono. Wa kweli hawakufika elfu ishirini na saba. Nilirudi nyuma mwaka kwa mwaka kwa kalamu nyekundu, miaka kumi na mmoja, na ni miwili tu iliyofika elfu thelathini ya kweli. Mto ulipaswa kufungwa mara tisa. Haukufungwa hata mara moja, kwa kidole changu hiki. Kila mwaka tulikula akina mama, na miaka minne baadaye tukawakosa watoto wao. Kadiri walivyozidi kuwa wachache ndivyo nilivyozidi kusema wapo.

Niliweka kalamu chini nikalia, na sikulilia samaki. Nilimlilia kaka. Alisimama ukumbini na ukweli mkononi, nikampa jina la mvivu.

Nilimpelekea mkuu wetu daftari ofisini kwake. Si mtu mbaya. Aliangalia kurasa nyekundu muda mrefu, akavua miwani akaipangusa, akainuka kufunga mlango. Akasema tukitangaza hili watu watatuchoma moto, ofisi itaonekana ya hovyo, mimi nitaonekana wa hovyo zaidi. Alikuwa na njia yake.

"Mama, tutashusha hesabu kidogo kidogo," akasema. "Mwaka huu elfu tatu, mwakani nyingine tatu. Mto utafungwa wenyewe bila kelele. Hakuna atakayejua."

Ningekuwa mwongo nikisema sikushawishika. Nilimaliza kikombe kizima cha chai nikiwa nimeshawishika. Kazi hii ndiyo kitu pekee nilichobaki nacho, na yeye alikuwa akinipa njia ya kubaki nayo na heshima juu. Mto utapona vilevile. Samaki hawajali nani alikosea. Lakini kuna mmoja ambaye hangepona kwa njia hiyo, angebaki kuwa Bwana Usingizi mpaka kaburini.

"Kaka yangu hakushushwa kidogo kidogo," nikamwambia. "Nilimshusha mara moja, mbele ya watu. Nitampandisha palepale."

Akanitazama sana. Mwishowe akasema atauitisha mkutano, ila nisome mwenyewe, yeye hafungui mdomo wake. Nikamwambia sikuwa nauhitaji mdomo wake.

Ukumbi ni uleule, ila watu walikuwa wamepungua. Wavuvi wengi wameshageuka wapakaji rangi na wauza vocha. Nilisimama nikawaeleza kuhusu mlango wa maji, uzi mwekundu, mia mbili na mia tatu na wanane. Nilieleza kwamba ofisi inaufunga mto kwa miaka minne, kizazi kizima cha mpandaji, na kwamba mlango ule utakuwa ukifungwa wakati wa msimu ili wanaofika juu wabaki juu. Halafu nikafunga daftari nikasema lile lililonipeleka: kwamba miaka sita iliyopita, mahali hapa, nilimwita kaka yangu mvivu, na yeye ndiye aliyekuwa sahihi, na mimi nilikuwa nahesabu samaki hewa.

Hakuna aliyecheka safari hii. Mzee mmoja mshona nyavu alitoka nje bila kuniangalia. Mwingine akauliza watoto wake watakula nini miaka minne, nami nikasimama tu nikakubali kutazamwa. Mwanamke wa kukausha samaki akaniambia heri ningekufa na siri yangu. Nilifika nyumbani nikakaa. Nilikuwa nimesema ukweli wote, na hakukuwa na mtu wa kumsimulia kwamba nimeusema.

Kesho yake asubuhi nilipanda basi.

Kiwanda cha mbao kina uwanja mkubwa wa vumbi na lango la chuma la buluu. Kaka alikuwa kwenye kibanda cha lango, sare imemlegea mabegani, kichwa kimekuwa cheupe chote. Mezani ana daftari. Lori likiingia anaandika namba yake na saa. Likitoka anaandika tena. Nilisimama pembeni nikamtazama akiandika malori matatu kabla hajaniona.

"Shikamoo, kaka."

Kalamu ilisimama. Kuna salamu ambazo hata uwe na hasira gani huwezi kuziacha zianguke. "Marahaba," akasema.

Nilimweleza yote nikiwa nimesimama juani. Nilianza mwisho nikarudi mwanzo, nikachanganya namba, mimi ninayejivunia namba. Nilimwambia nimelisema ukumbini, mbele ya watu walewale. Akasema wifi alipigiwa simu jana jioni, kwa hiyo naye anajua. Lori likapiga honi, akaenda kulifungulia, akaandika, akarudi.

"Niliwaona," akasema. "Chini ya ule mlango mpya. Matumbo yamechubuka, wanaanza kupanda upya. Siku ile nilikuwa naanza na nyavu, halafu nije kwa hao. Ukanikatiza."

Nilitafuta pa kuweka macho nikakosa. Miaka sita niliamini nilimnyima heshima yake. Kumbe nilimnyima na nafasi ya kuniokoa. Angemaliza sentensi yake ningepanda vile vidato tisini na sita wiki ileile. Nikasema nisamehe, kaka, na sauti ikatoka ndogo ambayo siijui.

Hakusema amenisamehe. Aliuliza, "Wameufunga?"

"Miaka minne."

"Mimi niliomba msimu mmoja."

Hakupandisha sauti. Alikuwa akiangalia barabara, na niliona midomo yake ikihesabu. "Nitakuwa na sabini," akasema. Hesabu ilikuwa sahihi. Nilimwuliza hata hivyo kama atarudi nyumbani. Akauliza arudi afanye nini, amngoje nani mtoni, mashua ameuza, mto umefungwa, na wa kuufunga ni mimi. Alikuwa na haki. Ukweli wangu ulikuwa umefika ukiwa umechelewa kiasi kwamba kumrudishia jina lake na kumnyima mto vilikuwa tendo moja.

Nikasema basi mimi niende, kuna basi la saa sita. Nikaaga. Nilikuwa nimepiga hatua chache alipouliza nyuma yangu, kwa sauti ya kazi, ile aliyokuwa akiniulizia zamani Jumapili kabla hatujanawa mikono.

"Leo wamepita wangapi?"

"Sijui," nikasema. "Leo sijahesabu. Nimekuja kwako."

Anajua mimi ni mtu wa namna gani. Arusi ya binti yake mkubwa ilikuwa katikati ya msimu, nikafika jioni watu wameshakula, baada ya kufunga daftari. Siku ya mazishi ya mume wangu mwenyewe nilirudi kiooni alasiri. Sasa wapandaji walikuwa wakipita mbele ya kioo bila mtu, na hakuna ambaye angejua kamwe idadi yao ya siku ile, na nilikuwa nimeliacha jambo hilo kwa hiari yangu nikasafiri saa nne kuja kusimama kwenye vumbi.

Akaingia kibandani akatoka na kiti cha plastiki, akakiweka kwenye kivuli cha ukuta, akakipangusa kwa kiganja.

"Basi kaa," akasema. "Saa saba wifi yako analeta chakula."

Nilikaa. Kiti kilikuwa kimoja tu, kwa hiyo yeye akabaki amesimama.